Munganga mwenye alipima choo cha wanakijiji: Denis Burkitt na siri ya magonjwa ya utumbo

Mu muji wa Lubumbashi, kama vile kule Kalemie, Bukavu ao Goma, mutu akianza kuhara damu, jina la kwanza lenye anasikia ni «amiba». Anapewa metronidazoli, anapata nafuu siku kidogo, kisha tumbo linarudi palepale. Mara ya pili wanamuambia ni tifoide, na mara ya tatu minyoo. Kwa watu wengi jibu liko kweli hapo, na dawa inawaponyesha. Lakini kuna kikundi kidogo cha watu wenye wanahara miezi na miezi, wanakonda, wanamaliza franga za familia, na labo haioni kitu. Kati yao wako wenye wanaweza kuwa na ugonjwa wenye haujulikane sana hapa kwetu: uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Kwa muda murefu wanganga walifundishwa kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu, na kwamba Mwafrika hawezi kuupata. Sababu gani walisema vile? Sehemu kubwa ya jibu inapatikana katika maisha ya munganga mumoja wa upasuaji mwenye alifanya kazi Uganda karibu miaka 20, Denis Burkitt. Alitembea Afrika akihesabu magonjwa, na mwisho akaweka choo cha watu kwenye mizani.

Magonjwa mawili, familia moja

Uvimbe wa kudumu wa utumbo ni familia ya magonjwa makubwa mawili. La kwanza ni vidonda vya utumbo munene. Linaanzia karibu na njia ya haja kubwa, linapanda juu, na linakula ngozi ya ndani ya utumbo. Mugonjwa anatoa choo chenye damu na kamasi, na anakimbia musalani mara nyingi kwa siku. Samuel Wilks, munganga wa London, aliandika juu yake katika mwaka wa 1859.

La pili linaitwa ugonjwa wa Crohn. Linaweza kushika mahali popote kuanzia kinywa mpaka mwisho wa njia ya chakula, lakini mara nyingi linapenda mwisho wa utumbo mwembamba, upande wa kuume chini ya tumbo. Linaingia ndani ya ukuta wote wa utumbo. Linaweza kubana njia mpaka chakula kinakwama, ao kutoboa na kufungua vidonda vyenye kutoa usaha pembeni ya haja kubwa.

Jina hilo linatokana na Burrill Crohn, munganga wa hospitali ya Mount Sinai mu New York. Katika mwaka wa 1932, yeye pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer waliandika habari ya wagonjwa 14. Lakini miaka 19 mbele yao, katika 1913, Kennedy Dalziel wa Glasgow alikuwa amekwisha kuandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo. Yeye aliona kwamba utumbo wao ulifanana sana na utumbo wenye kushikwa na kifua kikuu, lakini hakupata vijidudu vya kifua kikuu ndani yake. Jambo hilo la Dalziel linafaa kukumbukwa, juu ndilo linawasumbua wanganga wa Kongo mpaka leo.

Magonjwa hayo mawili hayatokani na kijidudu kimoja chenye kujulikana. Hayaambukizwi kwa kula pamoja ao kulala pamoja, na siyo ulozi. Askari wa mwili, wenye kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanageuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Sababu zake ni nyingi pamoja: urizi wa familia, vijidudu vyenye kuishi ndani ya tumbo, chakula, sigara, na namna mutu alivyokomea.

Kutoka Enniskillen mpaka Lira

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mu Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lenye lilirushwa na watoto lilimutoboa jicho moja, na akabaki na jicho moja maisha yake yote. Alianza kusoma uinjenia mu Dublin, kisha akabadilisha na kuingia masomo ya unganga.

Aliomba kazi ya kutumikia makoloni ya Uingereza, lakini wakamukataa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliingia jeshi kama munganga, na jeshi likamuleta Kenya na Somalia. Baada ya vita, katika mwaka wa 1946, aliingia Uganda na kuwekwa Lira, kaskazini ya inchi. Mu 1948 akahamia Kampala, ku hospitali ya Mulago.

Pale Mulago ndipo jina lake lilianza kujulikana. Katika 1957 mwenzake Hugh Trowell alimuita kuangalia mutoto mumoja mwenye mataya yake yote yalivimba. Muda kidogo baadaye Burkitt akaona mutoto mwingine wa namna hiyo mu Jinja. Akaanza kutafuta katika vitabu vya hospitali, akatambua kwamba hiyo ni kansa moja yenye ilikuwa inaua watoto wengi wa Afrika bila mutu kuipa jina. Alitangaza habari hiyo katika 1958, na leo kansa hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kilomita 16 000 ndani ya gari moja

Burkitt hakukuwa na labo kubwa. Chombo chake kilikuwa swali: ugonjwa huu uko wapi, na hauko wapi? Alituma barua na picha ku hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wanaona watoto wa namna ile. Kisha katika Oktoba 1961 aliingia gari pamoja na wanganga wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa anatumika Kuluva, karibu na Arua, hapo mupakani na Ituri, na alijulikana kwa kuandika habari ya kila mugonjwa vizuri sana.

Kwa wiki 10 walitembea karibu kilomita 16 000 na kupita hospitali 57 za Afrika ya mashariki na ya kusini, mpaka Afrika ya Kusini yenyewe. Miezi hiyohiyo Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, ilikuwa katika moto wa vita ya kujitenga kwa Katanga. Walirudi na ramani yenye kuonyesha kwamba kansa ile inafuata maeneo yenye joto na mvua, na inakosa kwenye milima ya baridi. Leo inajulikana kwamba malaria na virusi vyenye kuitwa Epstein-Barr vinashirikiana kuileta.

Safari hiyo ilimufundisha jambo lingine. Hospitali ndogo ya misheni yenye kuandika wagonjwa wake vizuri inaweza kujua kitu chenye hospitali kubwa ya Ulaya haijui.

Choo kwenye mizani

Burkitt alirudi Uingereza katika 1966, miaka kidogo baada ya uhuru wa Uganda. Mwaka wenye kufuata alikutana na Peter Cleave, munganga wa jeshi la majini. Cleave alikuwa anasema kwamba magonjwa mengi ya Ulaya yanatokana na sukari na unga mweupe. Maneno hayo yalimugusa Burkitt, kwa sababu yalilingana na yenye aliona Mulago. Kwa miaka karibu 20 alipasua matumbo ya watu wa Uganda, na mara chache sana aliona apendisiti, kansa ya utumbo munene, mawe ya nyongo, ao vidonda vya utumbo munene. Aliporudi Uingereza, magonjwa hayo yalikuwa yamejaza vitanda.

Trowell naye, mwenye alitumika Kenya na Uganda karibu miaka 30, alikuwa ameandika katika 1960 kitabu juu ya magonjwa ya Afrika yenye hayatokani na vijidudu, na alionyesha mapengo hayohayo.

Burkitt akarudia chombo chake cha zamani. Alituma tena barua ku hospitali za misheni: munaona magonjwa haya mara ngapi kwa mwaka? Kisha yeye na wenzake wakapima choo. Mutu alimeza vijiwe vidogo vya plastiki vyenye kuonekana kwenye radio, kisha choo chake kilitiwa ndani ya mifuko na kupigwa picha, ili wajue vijiwe vimetoka nyuma ya saa ngapi.

Katika 1972, Burkitt, Alec Walker wa Johannesburg na Neil Painter walitangaza matokeo mu gazeti la wanganga lenye kuitwa The Lancet. Wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 za choo kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa karibu 36. Waaskari wa majini wa Uingereza na bibi zao walitoa karibu gramu 104, na chakula chao kilikaa tumboni zaidi ya saa 80.

Kwa Burkitt, tofauti hiyo ilitokana na nyuzinyuzi, ile sehemu ya mumea yenye tumbo la mutu haliwezi kusaga. Ulaya ilizipoteza wakati vinu vya chuma vya karne ya 19 vilianza kutoa unga mweupe na kutupa pumba. Alikuwa anapenda kuambia watu kwamba inchi yenye watu wake wanatoa choo kidogo inahitaji hospitali kubwa. Watu walicheka, lakini walisikiliza. Kitabu chake cha watu wote juu ya nyuzinyuzi kilitoka mu 1979, na alihubiri habari hiyo mpaka alipokufa tarehe 23 Machi 1993.

Alikuwa na haki?

Sehemu fulani ndiyo, sehemu fulani hapana.

Kwanza, hesabu zake zilitoka ku hospitali zenye hazikuwa na kamera ya kuangalia ndani ya utumbo. Mugonjwa wa vidonda vya utumbo munene angeweza kuandikwa «kuhara damu» na kufa hivyo. Tena wagonjwa wengi hawakufika hospitali. Katika 1966, mwaka wenye Burkitt aliondoka, wanganga wawili wa Kampala waliandika mu gazeti la wanganga wa Uingereza juu ya Waafrika wanne wenye vidonda vya utumbo munene. Wanne ni wachache, lakini walitosha kuonyesha kwamba ngozi nyeusi haimukingi mutu. Kusema ugonjwa ni haba siyo kusema haupo.

Pili, chakula hakikuwa tofauti pekee kati ya kijiji cha Uganda na muji wa London. Mutoto wa kijiji alikutana na minyoo na vijidudu vingi tangu uchanga, na askari wa mwili wake walijifunza kutulia. Hata wanganga wa Iowa, Marekani, walijaribu katika 2005 kuwapa wagonjwa mayai ya mnyoo wa nguruwe. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini majaribio makubwa yenye yalifuata kwa ugonjwa wa Crohn hayakufaulu. Kwa hiyo, mutu asiache minyoo tumboni akifikiri ni dawa.

Tatu, Burkitt alifikiri nyuzinyuzi zinafanya kazi kama ufagio, zinasukuma uchafu haraka. Leo inajulikana kwamba zinafanya zaidi ya hapo. Vijidudu vizuri vya utumbo munene vinazila, na vinatoa asidi zenye kulisha ngozi ya utumbo na kutuliza askari wa mwili.

Wenye walifuata nyuma yake

Stephen O'Keefe, munganga wa magonjwa ya tumbo mwenye alifanya kazi Afrika ya Kusini mbele ya kwenda Marekani, alifanya jaribio moja lenye kupendeza. Kwa wiki mbili, watu 20 weusi wa Marekani walikula chakula cha kijiji cha Afrika, na wanakijiji 20 wa Afrika ya Kusini walikula chakula cha Marekani. Matokeo yalitoka mu 2015: katika wiki mbili tu dalili za uvimbe ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani na zikapanda kwa wanakijiji. O'Keefe alikuwa anatafuta sababu za kansa ya utumbo munene, lakini alionyesha namna utumbo unajibu haraka kwa chakula.

Juu ya uvimbe wa kudumu wenyewe, wachunguzi wa Marekani walifuata wanamuke zaidi ya 170 000 kwa miaka 26. Katika 2013 walitangaza kwamba wale wenye walikula nyuzinyuzi nyingi, zaidi sana za matunda, walipata ugonjwa wa Crohn kwa kiasi cha chini, karibu asilimia 40. Lakini kwa vidonda vya utumbo munene hawakuona tofauti hiyo. Burkitt aligusa kweli, lakini nusu yake.

Katika 2017, Siew Ng wa Hong Kong, Gilaad Kaplan wa Calgary na wenzao walikusanya hesabu za dunia nzima. Walionyesha kwamba mu Ulaya na Amerika ya kaskazini, katika inchi nyingi, zaidi ya watu 3 kati ya 1 000 wanaishi na ugonjwa huu. Walionyesha pia kwamba tangu 1990 unapanda katika inchi za Asia, Amerika ya Kusini na Afrika zenye miji na viwanda vyake vinakomea haraka.

Na sisi wa Lubumbashi?

Lubumbashi ni muji wenye ulizaliwa kwa kiwanda. Tangu wakati wa poso ya Union Minière, unga wa mahindi ndio musingi wa meza. Bukari ya unga wenye kusagwa ku mashini ya mutaa pamoja na pumba yake siyo sawa na bukari ya unga mweupe wa kiwanda. Lakini bukari hailiwi peke yake: inakuja na sombe, matembele, lengalenga, ngai-ngai ao maharagi. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zina nyuzinyuzi gramu 6 mpaka 9, na gramu 100 za mukate mweupe hazifike 3. Chakula chenye wengine wanaita cha masikini ndicho Burkitt alitembea dunia nzima akikisifu.

Hatari kubwa zaidi hapa kwetu ni kuchanganya magonjwa, na makosa yanaweza kuua kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza, mutu mwenye uvimbe wa kudumu anatibiwa amiba mara kumi. Utumbo unaendelea kuoza, na anafika kwa wanganga wa upasuaji wakati umekwisha kutoboka.

Upande wa pili ni mubaya vilevile. Tangu 1955, wakati Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walionyesha kwamba kortizoni inatuliza vidonda vya utumbo munene, dawa za namna hiyo, kama prednizoloni, zimeokoa watu wengi. Lakini zinalalisha askari wa mwili. Ukimupa mutu mwenye amiba ndani ya utumbo, amiba inaweza kutoboa utumbo wake. Ukimupa mutu mwenye kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa unaenea. Ukimupa mwenye mnyoo wa strongiloidi, mnyoo huo unajaa mwili muzima. Dawa mpya zaidi, kama infliksimabu, zenye zilianza kutumiwa kwa ugonjwa wa Crohn katika 1998, zinaweza pia kuamusha kifua kikuu chenye kilikuwa kimelala.

Kifua kikuu cha tumbo na ugonjwa wa Crohn vinapenda mahali pamoja: pale utumbo mwembamba unakutana na utumbo munene. Vyote viwili vinakondesha, vinaleta homa na maumivu upande wa kuume. Yenye Dalziel aliona Glasgow katika 1913 ndiyo munganga wa Haut-Katanga anakutana nayo leo. Tofauti ni kwamba hapa kifua kikuu ni kingi. Kwa hiyo kinatafutwa kwanza.

Wakati gani kumuona munganga

Mutu asingoje kama ana moja ya dalili hizi:

– kuhara kwenye kunapita wiki nne, hata kama kunakatika na kurudi;
– damu ao kamasi ndani ya choo, hata baada ya kumaliza dawa ya amiba;
– kuamka usiku juu ya kwenda musalani;
– kukonda, homa ya mara kwa mara, ao kuishiwa damu;
– kidonda chenye kutoa usaha pembeni ya haja kubwa;
– mutoto mwenye tumbo linamuuma na hakomei.

Egzame zinaenda kwa mustari. Kwanza choo kinaangaliwa ku labo, choo kibichi, juu amiba inakufa haraka ikipoa. Kisha wanapima damu, ukimwi na kifua kikuu. Kama hayo yote hayatoe jibu, munganga anaweza kuomba kolonoskopi, yaani kamera yenye kupita njia ya haja kubwa, na kukata vipande vidogo vya utumbo kwa kuviangalia kwenye darubini. Bila vipande hivyo, ni vigumu sana kusema kwa hakika kwamba ni Crohn ao vidonda vya utumbo munene.

Ugonjwa huu bado hauna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini una dawa za kuutuliza. Sulfasalazini, yenye Nanna Svartz wa Stockholm alianza kutumia kwa wagonjwa wa vidonda vya utumbo munene katika miaka ya 1940, bado inasaidia watu mpaka leo. Sigara inazidisha ugonjwa wa Crohn. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zenye watu wananunua ovyo sokoni, zinaweza kuamusha ugonjwa. Na mutu asinunue prednizoloni yeye mwenyewe, wala asiikate mara moja kama alikwisha kuizoea.

Tena, nyuzinyuzi zinalinda mutu muzima, lakini si dawa ya mugonjwa mwenye utumbo umebanwa. Kwa huyo, maharagi na majani magumu yanaweza kuziba njia. Munganga wake ndiye wa kumuambia ale nini mpaka utumbo utulie.

Kitabu cha hospitali

Burkitt alikosea mambo fulani, lakini kazi yake yote ilisimama juu ya kitu chenye hata kituo kidogo cha afya kinacho: kitabu cha wagonjwa chenye kimejazwa vizuri. Mugonjwa naye anaweza kusaidia. Achunge karatasi zote za labo na ordonansi, aandike tarehe kuhara kulianza, ni dawa gani alikunywa na ilimusaidia siku ngapi. Munganga wa nne akiona kwamba amiba «imetibiwa» mara tatu na damu haijakatika, atajua kwamba ni wakati wa kutafuta jina lingine.